Kumhesabu Asiyetaka Kuhesabiwa

Wengi wanaosema kwamba sensa ni lazima huishia kwenye adhabu: kwamba sheria ipo, kwamba anayekataa kuhesabiwa anatenda kosa, na kwamba kosa hilo linaweza kumfikisha mahakamani. Wanasema kweli. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamtaka anayeulizwa na karani atoe majibu ya kweli kwa kadiri anavyojua, na kwa kuwa takwimu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, ilimhusu mtu wa Micheweni, Pemba, kama ilivyomhusu mtu wa Dodoma. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi Pemba, na katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nilikuwa karani katika shehia moja ya pwani, yaani eneo dogo la utawala chini ya wilaya, kaskazini mwa kisiwa. Niliyoyaona huko yalinionesha kwamba ulazima ule una pande mbili, mmoja unaomfunga mwananchi na mwingine unaomfunga karani, na kwamba katika nyumba nyingi nilizokwama ni ule upande wa pili uliotufikisha mahali pa kuzungumza.

Mafunzo yetu yalimalizika siku chache kabla ya usiku wa sensa. Tulifundishwa kusoma ramani ya eneo la kuhesabia, kutumia kishikwambi, kuuliza swali kama lilivyoandikwa bila ya kumtilia mtu jibu mdomoni, kisha tukala kiapo cha kutunza siri. Wenzangu kadhaa walikichukulia kiapo kile kama shughuli ya kufungia mafunzo, jambo la dakika chache kabla ya kugaiwa vizibao na vitambulisho. Walichokishika sana ni vifungu vya adhabu, kwa sababu ndivyo vilivyoonekana kuwa na nguvu, na wakati wa chai ungeweza kumsikia kijana wa miaka ishirini na kitu akieleza atakavyomwambia mzee mbishi kuhusu faini na jela. Nilimwonea huruma mapema, kwa maana nilikuwa nawajua wazee wa kwetu.

Kwa msomaji wa Bara inafaa niseme kidogo kuhusu sheha, kwa sababu bila ya yeye habari hii haieleweki. Zanzibar hatuna mwenyekiti wa mtaa anayechaguliwa. Tunaye sheha, ambaye huteuliwa, na ambaye anatakiwa awajue wakaazi wa shehia yake mmoja mmoja. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, utapita kwake. Ukitaka kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, neno lake kwamba wewe ni mkaazi wa hapo lina uzito. Katika kisiwa ambacho uchaguzi umekuwa jambo la machungu tangu mwaka 1995, na ambacho hakijasahau Januari ya 2001, waandamanaji walipouawa, ni rahisi kufahamu kwa nini mtu akimwona sheha anaingia uani kwake na mgeni mwenye chombo cha kuandikia majina, akili yake haiendi kwenye mipango ya maendeleo.

Utaratibu wa sensa ulikuwa sahihi kabisa katika jambo hili. Kazi ya kiongozi wa eneo ilikuwa kumwongoza karani hadi mlangoni na kumtambulisha, na mahojiano yalipaswa kuwa kati ya karani na kaya. Lakini utaratibu ni wa kwenye karatasi, na adabu zetu ni za kwenye baraza. Sheha akishabisha hodi na kukaribishwa, huwekewa mkeka au kiti, na akishakaa hakuna wa kumwambia, “Bwana sheha, tafadhali kaa mbali.” Hapo ndipo penye shida niliyoiona mapema kabisa katika kazi ile: mtu tuliyepewa ili atusaidie kuusimamia ulazima ndiye huyohuyo aliyewafanya baadhi ya watu wautii kwa uongo.

Nitatoa mfano wa nyumba moja. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mvuvi aliyeacha kwenda baharini, ambaye alituitikia salamu vizuri na kisha akasema hataki kuhesabiwa. Hakupandisha sauti. Alisema mwaka 2012 hakuhesabiwa, na maisha yake hayakupungukiwa na kitu. Sheha akamweleza kwamba hilo si jambo la hiari, kwamba serikali imeagiza, kwamba polisi wa wilaya wana taarifa na wanaweza kuletwa siku hiyohiyo. Mzee alimtazama kwa muda, akauliza, “Basi mnataka nini?” Nikaanza kuuliza. Nilipofika kwenye swali la nani walilala katika nyumba ile usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti, akajibu, “Wawili. Mie na mke wangu.”

Kwenye kamba ya uani ilikuwa imeanikwa mitandio mitatu myeupe ya skuli, mmoja mdogo, wa mtoto wa madarasa ya chini, na miwili mikubwa. Kando ya mlango wa jikoni kulikuwa na kandambili za watu wazima na za watoto kwa wingi ambao wazee wawili wasingeweza kuzivaa hata kwa kupokezana. Mmoja wa wale watoto nilikuwa nimemsomesha. Sheha naye alijua, kwa sababu yeye ndiye mwenye kujua nani analala wapi, lakini kwake kazi ilikuwa imekwisha: mbishi amekubali, jina limeandikwa, twende nyumba ya pili. Kisheria ningeweza kusema pale pale kwamba kutoa taarifa za uongo nako ni kosa. Niliona kwamba nikisema hivyo nitapata orodha nyingine itakayotoka mdomoni kwa hofu ileile, na nisingekuwa na sababu ya kuiamini zaidi ya ile ya kwanza. Nikamwambia mzee kwamba nitarudi kukamilisha, nikaiacha kaya ile bila ya kuifunga kwenye kishikwambi.

Nilirudi baada ya sala ya alasiri, peke yangu, kwa kumwomba sheha anisubiri kwenye duka lililokuwa njiani. Ombi hilo nilimpa kwa heshima, kama mwanawe, nikimwambia kwamba maswali yana mambo ya ndani ya watu na mimi nimeapa kutoyasikilizisha. Naye alikubali, na nadhani alifurahi kupumzika. Mzee nilimkuta na mkewe. Nilianza kwa kumweleza kiapo changu: kwamba majibu yake nikiyatoa kwa sheha, kwa mwenye duka au kwa mume wangu, mtu wa kupelekwa mahakamani ni mimi. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Kwa hivyo na wewe unaweza kufungwa?”

“Naam, Ami. Mimi kwanza.”

Akacheka, na mkewe akacheka. Kisha akataka kuyaona maswali kwa macho yake, nami nikampitisha kwenye skrini taratibu. Alikuwa akitafuta mambo mawili. La kwanza ni chama, ambacho hakikuwamo. La pili ni dini, nayo haikuwamo. Hapo akaghadhibika kidogo, kwa sababu kilichomfanya asihesabiwe mwaka 2012 ni hicho hicho: wakati ule baadhi ya Waislamu, Bara na Visiwani, walitaka dini iulizwe na wakasusia ilipokosekana, naye alikuwa katika waliosusia. Nikamwambia ninachokijua, kwamba mara ya mwisho sensa ya nchi hii kuuliza dini ilikuwa mwaka 1967, na kwamba uamuzi huo mimi siutetei wala siupingi, kwani sikuuweka. Lilikuwamo swali la vitambulisho, na hilo nilimwonesha bila ya kulificha, nikamweleza kuwa linauliza kama mtu anacho au hana, wala halitumiki kumpa mtu kitambulisho au kumnyima. Alinyamaza, akamwambia mkewe, “Mtajie watoto.” Waliolala katika nyumba ile walikuwa wanane.

Kutoka wawili hadi wanane ni tofauti kubwa. Kwa kishikwambi, majibu yale mawili yote yangeonekana kuwa kaya iliyohesabiwa, na katika taarifa ya jioni ya msimamizi yote mawili yangeongeza moja katika safu ya kaya zilizokamilika. Ulazima unaopimwa kwa idadi ya milango iliyofunguliwa utaonesha ushindi hata pale ambapo watoto sita wamebakia nje ya hesabu. Sijui njia ya kulisimamia jambo hili kutoka ofisini. Anayeiona mitandio kwenye kamba ni aliyesimama uani.

Kuna hoja moja niliyoisikia ikitumiwa na vijana wa hapo hapo kijijini, wala haikutoka kwa karani yeyote, ambayo ilifanya kazi kuliko vitisho. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2005, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilipitia upya mipaka ya majimbo. Ya Pemba yakapungua kutoka 21 hadi 18, na ya Unguja yakaongezeka kutoka 29 hadi 32. Wako Wapemba mpaka leo wanaosema ile ilikuwa siasa tupu, na wako wanaosema watu walikwishahamia mjini Unguja na hesabu ikafuata. Vyovyote iwavyo, idadi ya watu ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa wakati mipaka inapokatwa. Basi mzee mwingine, aliyesusia kwa sababu za kisiasa, aliambiwa na mjukuu wake, “Babu, ukijificha unawasaidia unaowakasirikia.” Sikulazimika kuongeza neno, na nisingeruhusiwa.

Baada ya hapo niliwagawa watu waliokuwa hawajahesabiwa katika akili yangu, na mgawanyo huo ulinisaidia. Wako waliokataa kwa woga. Wako waliokataa kwa dharau. Na wako, tena wengi kuliko wote, ambao hawakukataa chochote, ila ukienda huwakuti. Hawa wa mwisho huandikwa katika taarifa kama tatizo la ushiriki, na mtu asiyewajua anaweza kudhani wanakwepa.

Katika shehia yetu waliokuwa hawapatikani ni wakulima wa mwani na wavuvi. Kazi ya kuhesabu watu ilipangiwa wiki moja kuanzia tarehe 23, ambayo yenyewe ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko, lakini bahari haina mapumziko ya kitaifa. Mwezi ulikuwa unakwisha, na katikati ya wiki ile bamvua likaingia, maji yanapojaa na kutoka sana. Maji yakitoka vizuri asubuhi, wanawake wote wenye kamba na vigingi huteremka pwani, na hawarudi mpaka maji yawafukuze. Karani wa jirani yangu, aliyetoka mjini, alikuwa akibisha hodi saa nne za asubuhi na kukuta watoto na bibi kizee asiyesikia, kisha akaandika kwamba wenyewe hawakuwepo. Alipofika kumlalamikia msimamizi, akaambiwa awasisitizie watu kuhusu sheria. Awasisitizie nani, na watu wako majini hadi mapajani? Mimi ni mtoto wa mama mkulima wa mwani, kwa hivyo nilipanga nyumba zile baada ya magharibi, wakati mwani umeshaanikwa na watu wamekoga, nikifuatana na binti wa jirani kwa ajili ya giza. Kuwahoji kule kule pwani kulikuwa rahisi zaidi, lakini pwani kila mtu anasikia, na mwanamke hataji watoto wake waliofariki mbele ya wifi zake.

Wavuvi walikuwa na shida ya namna yake. Aliyetoka usiku kuvua na kurudi asubuhi anahesabiwa kwake, hilo halina ugumu. Lakini wavuvi wa dago, wanaohama na vyombo vyao na kupiga kambi kisiwa kingine au pwani ya mbali kwa majuma, wanahesabiwa pale walipolala usiku ule. Kumweleza hivyo mke aliyebaki nyumbani ni kazi. Mmoja alinikatalia kuendelea mpaka niandike jina la mumewe kwanza, kwa hoja kwamba nyumba ni yake, bati kaliezeka yeye, na haiwezekani serikali ije na kumfanya kama hayupo duniani. Nilimpa simu yangu ampigie. Mume alijibu kwamba karani aliwafuata usiku wa manane, kambi nzima ikahesabiwa chini ya taa za betri. Bibi akaridhika, tukaendelea. Lau ningeuandika ubishi wake kuwa ni kukataa, pasingekuwa na mtu wa kuniambia nimekosea.

Na hapa niingize jambo la wake wawili, kwa sababu lilinichekesha. Nyumba mbili za jirani, mume mmoja, na kila mke anataka bwana aandikwe kwake. Bi mkubwa anasema yeye ndiye wa kwanza na heshima ni yake. Bi mdogo ananyamaza, lakini kimya chake kina maneno. Mwongozo wetu ulikuwa wazi, kwamba mtu anahesabiwa alikolala, nami nikauliza tu zamu ya usiku wa Jumatatu ilikuwa ya nani. Bwana akajibu kwa haraka kuliko maswali yote mengine. Bi mkubwa alikubali, ila alitaka nihakikishe kwamba kwenye kishikwambi kaya yake imeandikwa mkuu wake ni yeye mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa.

Yako maswali ambayo hayawezi kutolewa majibu kwa amri, hata amri hiyo iwe ya haki namna gani. Dodoso liliuliza watoto aliowazaa mwanamke, walio hai na waliofariki, na liliuliza vifo vilivyotokea katika kaya ndani ya miezi 12. Ninafahamu thamani yake: bila ya majibu hayo huwezi kujua wanawake wangapi wanakufa kwa uzazi. Lakini kwetu mama hahesabu watoto wake kwa kinywa chake mbele ya mgeni; atakwambia Mungu kamjaalia, basi. Niliacha kuanza na idadi. Nilimwomba aniambie majina, kuanzia wa kwanza, na chombo kikajumlisha chenyewe bila ya yeye wala mimi kutamka namba. Katika nyumba nyingine nilimkuta mjane aliyekuwa ndani ya eda, ambaye karani mwanamume angezungumza naye kupitia pazia au kupitia kwa kaka yake. Nilikizima kishikwambi, nikampa pole, tukaisomea roho ya marehemu Fatiha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niwashe, na akanitajia umri wa mumewe na maradhi yaliyomuua. Ninaamini wapangaji wa sensa wanapogawa maeneo wangetakiwa kuhesabu pia idadi ya makarani wanawake katika kila shehia kama sehemu ya utekelezaji wa sheria yenyewe.

Tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo mjini Dodoma: Tanzania watu 61,741,120, na kati yao 1,889,773 wa Zanzibar, ambao mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Pemba ilipanda kutoka watu 406,848 hadi 543,441. Niliusikia mjadala barazani kwamba ongezeko hilo ni kubwa mno, na wengine wakalitilia shaka. Mimi najua kwamba wengi wamezaliwa, na pia nawajua watu ambao mara iliyopita walikuwepo na hawakuandikwa, pamoja na mzee wangu yule. Kiasi gani ni kuzaliana na kiasi gani ni kuhesabiwa vizuri zaidi, hilo halionekani kwa aliyekaa barazani.

Nimeyasema haya kuhusu woga na kutokuwepo nyumbani, na mtu asije akadhani ninataka adhabu ifutwe kwenye sheria. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu aliyesoma, mwenye nyumba ya ghorofa na geti la chuma, ambaye hakuogopa kitu na alikuwa nyumbani kila nilipokwenda. Aliniacha nje nikisubiri, akanitumia mtoto aniambie bwana amelala, huku sauti yake ikisikika ikizungumza kwenye simu. Siku nyingine aliniambia kwamba serikali ikitaka kumjua itazame kodi anazolipa. Nilimweleza kiapo changu, akasema siri zake hahitaji kutunziwa na mwalimu wa skuli. Kwa mtu kama huyu upole ni kupoteza muda wa shehia nzima. Niliandika taarifa, na msimamizi akaja naye sheha na barua kutoka wilayani, iliyonukuu sheria bila ya kupamba. Sheha safari hii nilimwomba akae kabisa. Yule bwana alisoma barua mara mbili, akajibu maswali yote akiwa amesimama getini, kwa usahihi, mpaka idadi ya vyumba. Alipomaliza akamuuliza msimamizi kwa kejeli kama sasa ameshakuwa raia mwema. Msimamizi alikuwa anafunga mkoba wake. Akamjibu kwamba swali hilo halimo kwenye dodoso.